Kikishapaa Hakiguswi: Uhandisi Mpya wa Setilaiti na Vyombo vya Angani

Setilaiti ya kwanza, Sputnik 1, ilirushwa tarehe 4 Oktoba 1957 ikiwa na uzito wa kilo 83.6 na betri zilizodumu takriban wiki tatu. Betri zilipokwisha, ikanyamaza. Hakukuwa na njia ya kuzibadilisha wala kuzichaji. Tangu wakati huo vifaa vimebadilika mno, lakini swali analoamka nalo mhandisi wa vyombo vya angani ni lilelile: utakiwezeshaje kifaa kiendelee kufanya kazi mahali ambapo hakuna fundi atakayefika?

Umma huvutiwa zaidi na roketi, na si ajabu, kwa kuwa moto na kishindo vinaonekana. Lakini roketi humaliza kazi yake kwa dakika chache, wakati chombo ilichokibeba kinaweza kutakiwa kuhudumu miaka 15, na kuna vilivyopita miaka 40. Hapa nitazungumzia chombo chenyewe.

Tuanze na joto, kwa sababu ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote. Watu husema angani ni baridi, hivyo chombo kitaganda. Kweli ni kwamba setilaiti inaweza kuchemka upande mmoja na kuganda upande wa pili kwa wakati uleule. Duniani kifaa kikipata moto hupozwa na hewa inayokizunguka. Kwenye ombwe hewa haipo, na feni haina maana. Joto linaweza kutoka chomboni kwa njia moja tu, nayo ni mnururisho, yaani nishati inayosafiri kama mwanga, hata usioonekana. Isitoshe, setilaiti iliyo kilomita mia kadhaa juu ya ardhi huizunguka dunia kwa kama dakika 90, kwa hiyo inaingia kivulini na kutoka juani mara 15 au 16 kila siku. Kila mara vyuma vyake hutanuka na kusinyaa. Kiungo cha lehemu ambacho duniani kisingeleta shida yoyote, huko juu huchoka na kupasuka.

Majibu ya wahandisi kwa tatizo hili ni ya werevu wa kimya. Yale mablanketi ya rangi ya dhahabu tunayoyaona kwenye picha ni tabaka nyingi za plastiki nyembamba iliyopakwa aluminiamu, na kazi yake ni kuzuia mnururisho usiingie wala usitoke ovyo. Ndani kuna mabomba ya joto, ambayo mimi nayahesabu miongoni mwa vifaa bora kuwahi kubuniwa kwa ajili ya anga. Bomba hufungwa likiwa na amonia kidogo. Upande wenye moto amonia hugeuka mvuke. Mvuke hukimbilia upande wa baridi, huko hugeuka kuwa kimiminika na kuachia joto lake, kisha kimiminika hicho hunyonywa na mifereji myembamba ya ukuta wa bomba na kurudi kilikotoka. Hakuna pampu, hakuna mota, hakuna kipande hata kimoja kigumu kinachosogea, na kisichosogea hakilegei wala hakisagiki.

Mfano uliokwenda mbali zaidi ni Parker Solar Probe, chombo kilichorushwa Agosti 2018 kulichunguza Jua kwa karibu. Ngao yake ina unene wa kama sentimita 11.4: povu la kaboni lililobanwa kati ya bamba mbili za kaboni na kupakwa rangi nyeupe upande unaotazama Jua. Uso huo umesanifiwa kustahimili joto la takriban nyuzi 1,370 za Selsiasi, huku vifaa vilivyo nyuma yake vikibaki kwenye joto la karibu nyuzi 30. Tarehe 24 Desemba 2024 chombo hicho kilipita kilomita milioni 6.1 kutoka kwenye uso wa Jua. Ngao hiyo husaidia pale tu inapotazama Jua barabara, na ishara ya redio kutoka duniani huchukua dakika kadhaa kufika. Ndiyo maana pembezoni mwa kivuli cha ngao pamewekwa vihisi. Kihisi kikipigwa na jua, chombo hujirekebisha chenyewe bila kusubiri amri ya mtu.

Darubini ya angani ya James Webb ililipeleka sharti la kutokosea hata mara moja hadi mwisho wake. Kioo chake kikuu kina upana wa mita 6.5 na kimeundwa kwa vipande 18 vya beriliamu vilivyopakwa dhahabu. Kinga yake ya jua ina tabaka tano na vipimo vya kama mita 21 kwa 14. Hakuna roketi iliyoweza kuibeba ikiwa imekunjuliwa, hivyo ilikunjwa, ikarushwa tarehe 25 Desemba 2021, na kukunjuliwa njiani. Ilikuwa na sehemu 344 ambazo yoyote kati ya hizo ingeshindwa, kazi nzima ingekuwa hatarini. Hubble, darubini iliyo mwendo mfupi juu ya dunia, ilipogundulika kuwa na kasoro ya kioo, wanaanga waliifuata na kuirekebisha Desemba 1993. Webb iko umbali wa kilomita milioni 1.5, mahali ambapo mwanadamu hajawahi kufika. Kila kitu kilifunguka salama. Wanaouliza kwa nini mradi ule ulichukua miaka mingi namna ile wanapaswa kuitazama hiyo namba 344 tena.

Msukumo mdogo unaofika mbali

Teknolojia ninayotamani watu waielewe zaidi ni injini ya ioni, kwa sababu inapindua kile tunachodhani kuhusu nguvu.

Chombo chochote angani husonga kwa kutupa kitu nyuma. Roketi ya kawaida huchoma fueli na kutupa gesi kwa kasi ya kilomita 3 hadi 4.5 kwa sekunde, na hapo kemia imefikia ukomo wake. Injini ya ioni haichomi kitu. Huchukua atomi za gesi, mara nyingi zenoni, na kuzinyang'anya elektroni ili zibaki na chaji chanya, yaani ziwe ioni. Kisha huzivuta kwa umeme wa volti zaidi ya elfu moja na kuzitupa nyuma kwa kasi ya kama kilomita 30 kwa sekunde. Elektroni zilizonyang'anywa nazo hunyunyiziwa nje upande huohuo. Zisipotolewa, chombo kingejaa chaji hasi na kuzirudisha ioni zake chenyewe. Umeme wote unatoka kwenye paneli za sola.

Faida ni kwamba kila gramu ya gesi inafanya kazi kubwa mara nyingi zaidi. Hasara ni kwamba msukumo wenyewe ni mdogo ajabu. Injini ya chombo cha Dawn, ikisukuma kwa nguvu zake zote, ilitoa kani inayolingana na uzito wa karatasi mbili za kuandikia zilizolazwa kiganjani. Ingekichukua chombo hicho siku nne kuongeza kasi yake kwa kilomita 100 kwa saa. Lakini angani hakuna hewa ya kukizuia, na injini haikuchoka. Dawn ilirushwa Septemba 2007 ikiwa na kilo 425 za zenoni. Ikafika Vesta, gimba la ukanda wa asteroidi kati ya Mirihi na Mshtarii, mwaka 2011, ikaizunguka na kuichunguza kwa zaidi ya mwaka, ikaondoka, na mwaka 2015 ikaingia kwenye obiti, yaani njia ya kuzunguka, ya Ceres, gimba jingine la ukanda huohuo. Hakuna chombo kingine kilichowahi kuzunguka magimba mawili tofauti nje ya dunia na mwezi wake. Kwa jumla injini zake zilibadilisha kasi ya chombo kwa zaidi ya kilomita 11 kwa sekunde, baada ya karibu miaka sita ya kusukuma.

Dawn ilizimika mwaka 2018, na injini za ioni hazikuhusika. Iliishiwa haidrazini, fueli ya vijiroketi vidogo vilivyotumika kukielekeza chombo. Bila hiyo haikuweza kugeuza paneli zake kulitazama Jua wala antena yake kuitazama dunia. Chombo hufa kupitia sehemu yake dhaifu, na mara nyingi sehemu hiyo ni ile ambayo hakuna aliyeitangaza.

Leo injini za umeme zimekuwa jambo la kawaida. Aina inayotumia uga wa sumaku kuzizuia elektroni, iliyokomazwa Umoja wa Kisovieti na kurushwa tangu miaka ya 1970, ndiyo iliyoenea zaidi. Kwa kuwa zenoni ni adimu na ghali, setilaiti za intaneti za Starlink zilianza na kriptoni na baadaye zikahamia agoni, gesi inayopatikana kwa wingi kwenye hewa tunayovuta. Ufanisi unapungua kiasi, lakini unaporusha setilaiti kwa maelfu, bei ya gesi huamua mengi.

Kompyuta inayopigwa na mionzi

Chembe yenye nishati kubwa kutoka kwenye Jua au kutoka mbali zaidi inaweza kupenya kwenye chipu na kugeuza sifuri kuwa moja. Duniani tunakingwa na angahewa na uga wa sumaku; chombo cha angani hukipata kipigo hicho moja kwa moja. Njia ya zamani ni kutengeneza chipu maalumu zinazostahimili mionzi. Ndiyo maana gari la Curiosity lililoko Mirihi na darubini ya Webb vinaendeshwa na prosesa ya RAD750, yenye mwendo usiozidi megahezi 200, polepole kuliko simu ya mkononi kwa zaidi ya mara kumi. Njia nyingine ni kuweka kompyuta tatu zifanye hesabu moja, kisha jibu la wengi likubaliwe.

Kisha ikaja Ingenuity, helikopta ndogo ya Mirihi, iliyotumia prosesa ya kawaida ya simu. Ilipangiwa kuruka mara tano. Kati ya Aprili 2021 na Januari 2024 iliruka mara 72. Nadhani mafanikio hayo yanafundisha mengi, ila yasichukuliwe kama ruhusa ya kutumia chipu za madukani kila mahali. Kwa chombo cha majaribio, programu iliyoandikwa vizuri inaweza kuigundua hitilafu na kujiwasha upya. Kwa setilaiti inayobeba mawasiliano ya watu kwa miaka 15, kwenye obiti yenye mionzi mikali zaidi, gharama ya chipu imara bado inalipa.

Programu yenyewe imegeuka kuwa fundi wa mbali. Novemba 2023, Voyager 1, chombo cha uchunguzi kilichorushwa mwaka 1977, ilianza kutuma data zisizosomeka. Ilikuwa umbali wa zaidi ya kilomita bilioni 24. Amri ilichukua kama saa 22 na nusu kufika, na jibu muda kama huo kurudi. Wahandisi waligundua kuwa chipu moja iliyohifadhi sehemu ya kumbukumbu imekufa. Hapakuwa na nafasi moja ya kutosha kuihamishia programu yote iliyoathirika, basi wakaigawa vipande, wakavitawanya kwenye nafasi zilizobaki na kurekebisha viungo vyote kati yao. Aprili 2024 chombo kikaanza tena kuripoti hali yake. Walioiunda hawakuwa wameandaa dawa ya ugonjwa huo, ila walikuwa wameacha mlango wazi: kompyuta inayokubali kuandikwa upya kutoka duniani.

Darubini ya Kepler nayo iliokolewa kwa akili ya namna hiyo. Ilipopoteza magurudumu mawili kati ya manne ya kudhibiti mwelekeo, haikuweza tena kutulia. Wahandisi wakailaza kwa namna ambayo msukumo wa mwanga wa Jua ungelingana pande zote mbili, na mwaka 2014 ikarudi kazini kwa mpango mpya.

Kwa upande wa mawasiliano, leza inachukua nafasi iliyokuwa ya redio peke yake. Chombo cha Psyche, kilichorushwa Oktoba 2023, kilibeba kifaa cha majaribio. Desemba mwaka huohuo kilituma video kutoka umbali wa kilomita milioni 31 kwa kasi ya megabiti 267 kwa sekunde. Ugumu uko kwenye kulenga. Mwale wa leza ni mwembamba, na dunia haitakuwa pale ilipo wakati mwanga utakapofika, kwa hiyo chombo lazima kilenge mbele yake.

Vingi na vidogo, na fundi wa kwanza

Mwaka 1999 Jordi Puig-Suari na Bob Twiggs, wa vyuo vikuu vya Cal Poly na Stanford, walipendekeza kipimo cha setilaiti ya kufundishia: mchemraba wa sentimita 10 kila upande. Kipimo hicho, CubeSat, kiliruhusu kitu ambacho uhandisi wa anga uliogopa siku zote, yaani kushindwa kwa gharama ndogo. Ukipoteza moja, unarusha nyingine iliyosahihishwa. Mwaka 2018 setilaiti mbili za familia hiyo, MarCO, zilifika Mirihi na kurusha duniani taarifa za kutua kwa chombo cha InSight.

Na fundi ameanza kufika. Tarehe 25 Februari 2020, chombo cha huduma MEV-1 kiliishika setilaiti ya mawasiliano ya Intelsat 901, iliyokuwa na fueli kidogo tu iliyobaki. Haikuwa imesanifiwa kushikwa na yeyote, kwa hiyo MEV-1 iliingiza mkono wake kwenye mdomo wa injini ya setilaiti hiyo, ikajifunga nayo, na kuanza kuiendesha. Intelsat 901 ikarudi kazini. Naona ni kosa kuendelea kurusha setilaiti kubwa zisizo na sehemu ya kushikia wala mlango wa kujazia fueli, wakati tunajua jambo hilo linawezekana.

Bado kuna suala la mwisho wa chombo. Tarehe 10 Februari 2009 setilaiti ya Iridium 33 iligongana na Cosmos 2251 iliyokuwa imekufa, na zaidi ya vipande 2,000 vinavyoweza kufuatiliwa vikatawanyika. Tangu hapo namna setilaiti itakavyoondoka imekuwa sehemu ya usanifu. Kwa zilizo chini, matangi ya titaniamu yanabadilishwa kwa aluminiamu ili yaungue yote yakirudi kwenye angahewa; Japani ilikwenda mbali zaidi na mwaka 2024 ikarusha LignoSat, setilaiti ndogo yenye kuta za mbao za magnolia. Zilizo kwenye obiti ya kilomita 35,786 juu ya ardhi haziwezi kuanguka, hivyo hupandishwa kilomita mia kadhaa juu zaidi, nje ya njia ya nyingine. Kupandisha huko kunahitaji fueli, na kwenye tangi lisilo na uzito ni vigumu kupima iliyobaki. Mwendeshaji akikosea hesabu kwa kilo chache, setilaiti hubaki pale ilipo.