Kwa nini Ibrahimu alikomea kumi?

Aliyezoea kupatana bei sokoni akisoma sura ya 18 ya Mwanzo lazima ashangae. Mungu amemwambia Ibrahimu kwamba kilio cha Sodoma na Gomora kimezidi. Ibrahimu anasogea karibu, anaanza kushuka: wakiwamo wenye haki 50, utauangamiza mji? Wakipungua wakawa 45? 40? 30? 20? Basi 10? Anaomba mara sita, anakubaliwa mara sita, wala hadaiwi chochote. Halafu ananyamaza. Si angeendelea hadi watano, au hata mmoja?

Kabla ya hesabu, tazama alichokuwa akiomba, maana wengi tunapapita haraka. Lutu, mtoto wa nduguye, aliishi mle mjini, lakini katika maombi yote hayo jina lake halisikiki hata mara moja. Ibrahimu hasemi, "Watoe wema, kisha uchome." Anaomba mji wote uachwe, waovu wakiwamo, kwa ajili ya hao wachache. Na aliwafahamu watu wale. Walipotekwa vitani, sura ya 14, alitoka na vijana wake 318 akawarudisha kwao, akakataa kulipwa hata uzi au gidamu ya kiatu.

Sasa hiyo kumi. Rashi, mfasiri wa Kiyahudi wa karne ya 11 huko Ufaransa, alikumbusha safina ya Nuhu: walikuwamo watu wanane, na hao hawakutosha kukiokoa kizazi chao. Ndiyo maana Ibrahimu hakushuka kufikia nane. Wafasiri wengine wa kale waliihesabu nyumba ya Lutu: yeye, mkewe, mabinti na waume zao, wakafikisha kumi. Mimi naegemea hapa. Hiyo ni hesabu ya mtu mwenye jamaa yake mle ndani, anayeamini kwamba nyumba moja tu, angalau ile, haijaharibika. Kumbe Lutu alipowaonya wakweze usiku ule, walidhani anafanya mzaha.

Waislamu nao wanalo tukio hili katika Surat Hud, aya ya 74 hadi 76. Nabii Ibrahim anajadiliana juu ya watu wa Lut, kisha anaambiwa aachane na hayo, amri ya Mola imekwishafika. Linalonigusa ni kwamba kabla ya kukatazwa anasifiwa kwanza: mpole, mwenye huruma. Kuwatetea wakosaji hakukuhesabiwa kwake kuwa kosa.

Mwanzo 19 inasema aliamka asubuhi na mapema, akaenda mahali palepale alipokuwa amesimama mbele za Bwana. Akatazama bondeni, akaona moshi ukipanda kama moshi wa tanuru. Mstari unaofuata unatuambia sisi wasomaji kwamba Mungu alimkumbuka Ibrahimu, akamtoa Lutu katika maangamizi. Kama Ibrahimu mwenyewe aliwahi kuambiwa, Mwanzo haisemi.