Amiba Si Ukoo Mmoja: Maelezo kwa Wanaoleta Sampuli za Choo

Tangu mvua zianze, malalamiko yanayofika mapokezi ya maabara yetu hapa Mwanza yamekuwa ya namna moja. Mtu amepima choo Igoma akaambiwa ana amiba, kaja kupima kwetu akaambiwa hana kinachohitaji dawa, sasa anataka kujua nani kati yetu ni mwongo. Juu ya hilo kuna video inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kuhusu "amiba anayekula ubongo", na wazazi wa Kirumba na Igogo wameanza kuleta vikopo vya choo cha watoto wakitaka tumtafute humo. Nimeombwa na uongozi niandike maelezo. Tafadhali yasomwe yote kabla ya kuja kugomba dirishani.

Amiba si jina la mdudu mmoja. Si jina la ukoo pia. Ni umbo na mwendo: kiumbe cha seli moja, hakina sura maalumu, kinasukuma mguu wa bandia mbele kisha kinajimimina ndani ya huo mguu. Viumbe wengi wasio na undugu wowote wa karibu wanatembea hivyo. Watu wa soko la samaki la Mwaloni watanielewa upesi. Dagaa wa ziwa letu, Victoria, na dagaa wa Kigoma huanikwa juani vilevile, huliwa na ugali uleule na huitwa jina moja. Lakini wa Kigoma ni jamaa wa sadini wa baharini, na wa kwetu yuko upande mmoja na samaki aitwaye ningu. Jina la sokoni halijali ukoo.

Amiba wa tumbo anayeleta ugonjwa anaitwa Entamoeba histolytica. Yule wa kwenye video ni Naegleria fowleri. Kwa jinsi wataalamu wanavyochora koo hizi leo kwa kusoma vinasaba, Naegleria yuko karibu zaidi na trypanosoma, vimelea vya malale vinavyoenezwa na mbung'o, kuliko alivyo karibu na Entamoeba. Ni malale haya haya yaliyoangamiza watu wengi pwani za kaskazini mwa ziwa hili; mwaka 1903 pale Entebbe, Uganda, madaktari Aldo Castellani na David Bruce ndio waliohusisha trypanosoma na ugonjwa huo. Entamoeba naye ana jamaa wa kushangaza zaidi. Tawi lake limepakana na lile lenye uyoga na wanyama, maana yake ni kwamba wewe msomaji una undugu wa karibu zaidi na Entamoeba kuliko Naegleria alivyo naye. Giardia, kimelea mwingine wa tumbo anayefanya watoto waharishe kinyesi chenye mafuta na harufu kali, ana ukoo wake mwingine kabisa. Vimelea vya malaria navyo viko mbali na hao wote, na ndani yao kuna mabaki ya mwani mwekundu uliomezwa na mababu zao zamani za kale. Kichocho msikiweke kwenye orodha hii. Kichocho kinaletwa na mnyoo, ambaye ni mnyama, na dawa yake ni nyingine.

Kuhusu video, jibu ni fupi. Naegleria hukaa kwenye maji yasiyo na chumvi yaliyopata joto, na huingia kwa puani, akafuata mshipa wa fahamu wa harufu hadi kwenye ubongo. Ukimnywa hakudhuru. Ugonjwa wake ni nadra sana duniani, ingawa akishampata mtu ni wachache mno wanaopona. Kwenye choo hatumtafuti, kwa sababu hayupo huko. Vikopo hivyo tutavirudisha.

Sasa majibu yanayopishana. Choo laini kikifika kikiwa bado na joto, tunaweka tone kwenye slaidi pamoja na maji chumvi na kuangalia mara moja kwa hadubini. Amiba aliye hai anaonekana akitoa mguu kama uji unaofurika ukingo wa sufuria, anasita, anatoa mwingine. Ukiona ndani ya tumbo lake chembe nyekundu za damu alizozimeza, hapo una sababu nzuri ya kusema ni histolytica. Lakini wagonjwa wengi hawaleti amiba anayetembea, wanaleta sisti, yaani hali yake ya kujifunga ndani ya ganda. Hizi zina mikromita 10 hadi 15; zipange elfu moja kwa mstari, hazivuki upana wa kidole gumba. Tunatia iodini tuhesabu viini vilivyo ndani yake. Sisti iliyokomaa ya histolytica ina viini 4. Ya Entamoeba coli ina 8, na huyo ni mpangaji asiye na madhara, hahitaji dawa. Kuna maabara zinaandika "amiba +" bila kuhesabu, na hapo ndipo mgonjwa anapoanza safari ya maduka ya dawa.

Hata viini vikiwa 4 bado kazi haijaisha. Mwaka 1925 Mfaransa Émile Brumpt alisema kuna spishi mbili zinazofanana kabisa, moja inachimba utumbo na nyingine inakaa tu kwa amani. Hakusikilizwa kwa miaka mingi. Ilipofika 1993, kwa ushahidi wa kibaiolojia, ndipo zikatenganishwa rasmi: histolytica, na Entamoeba dispar asiye na ugonjwa. Kwa hadubini sisti zao hazitofautishiki. Ndiyo maana tunaandika "E. histolytica/dispar", na ndiyo maana mkwaju ule katikati ya majina unagombewa kila siku dirishani. Si kosa la chapa. Ni ukweli wa tulichoona. Kutenganisha kunahitaji kipimo cha antijeni, yaani protini za amiba mwenyewe, au cha vinasaba.

Mzee mmoja mvuvi aliniambia, "Daktari, hii yangu ni amiba sugu, miaka minne naimezea Flagyl." Nikamuuliza, baba, nani alimwona? Hakuna aliyemwona. Mara ya mwisho kupima choo ilikuwa mwaka wa kwanza. Metronidazole, ndiyo hiyo Flagyl, huua vimelea na bakteria wanaoishi pasipo oksijeni, wa ukoo wowote: Entamoeba, Giardia, hata bakteria kadhaa wa utumbo. Kwa hiyo nafuu uliyopata baada ya kuimeza haithibitishi kwamba ulikuwa na amiba. Tena dawa hiyo peke yake haisafishi vizuri sisti zilizo ndani ya utumbo. Kwa histolytica aliyethibitishwa daktari huongeza dawa ya pili, kama diloxanide. Asiyepewa hiyo anaweza kurudi na tatizo lilelile akaliita sugu. Anayeharisha damu, au mwenye homa na maumivu chini ya mbavu za kulia, asisubiri kusoma makala. Aende hospitali, kwani amiba anaweza kufika kwenye ini na kutengeneza jipu.

Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote. Klorini ya kawaida inasaidia sana dhidi ya kipindupindu na hatusemi mtu aiache, ila ganda la sisti huvumilia.

Utaratibu wa sampuli sasa. Kikopo kinatolewa bure dirisha namba 2. Vikopo vya mafuta ya kujipaka havipokelewi, hata vikioshwa. Choo kisichanganyike na mkojo wala maji ya bomba. Kikiwa laini kifike ndani ya nusu saa, kwa sababu amiba anayetembea hufa kikipoa, na aliyekufa hana tofauti na uchafu mwingine. Kigumu kinaweza kusubiri zaidi. Sisti hazitoki kila siku, kwa hiyo fomu ikisema sampuli 3, ni za siku 3 tofauti, si kikopo kimoja kilichogawanywa mara tatu.

Linalofuata linawahusu hasa mama lishe na wahudumu wa hoteli wanaokuja kupimwa afya kwa mujibu wa Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Mwezi uliopita wahudumu watatu wa banda moja walileta vikopo vitatu vyenye mbegu zilezile za nyanya chungu, mayai yaleyale ya minyoo, na uzi uleule wa kijani. Tunaangalia kwa ukuzaji wa mara 400, jamani. Kuleta choo cha mtu mwingine kunafuta kipimo, malipo hayarudishwi, na jina linapelekwa kwa ofisa afya wa kata. Anayeghushi cheti chenyewe anaingia kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ambako kughushi ni kifungo cha hadi miaka 7. Kukutwa na sisti hakumfukuzishi mtu kazi hapa kwetu. Anaelekezwa kwa daktari, kisha anarudi kupimwa.

Dirisha linafunguliwa saa 1:30 asubuhi na sampuli za mwisho hupokelewa saa 5:00, Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi tunapokea za wanaoharisha damu tu.