Je, maji yanayorudishwa ardhini yaweza kuleta tetemeko?

Swali hili hutufikia mara kwa mara kutoka kwa wanaoishi karibu na visima vya jotoardhi vya Menengai na Olkaria, Kenya, ambamo mvuke wa moto wa chini ya ardhi hutolewa kuzalisha umeme, kisha maji yake hurudishwa chini. Jibu fupi: ndiyo, yaweza.

Ushahidi ni wa zamani. Mwaka 1962 jeshi la Marekani lilianza kusukuma maji yenye sumu ya kiwanda chake cha silaha ndani ya kisima cha zaidi ya mita 3,600 karibu na Denver, na muda si muda ardhi ikaanza kutikisika. Kisima kilisimamishwa mwaka 1966. Tetemeko kubwa zaidi likaja Agosti 1967, maji yakiwa bado yanajipenyeza kwenye miamba. Oklahoma nako, maji ya chumvi yanayotoka pamoja na mafuta yalizikwa kwa wingi hadi Septemba 2016 mji wa Pawnee ukapigwa na tetemeko la kipimo cha 5.8.

Nguvu ya tetemeko haitoki kwenye maji. Imo tayari ardhini, imeuegemea ufa, yaani mpasuko wa miamba, kama umati ulioegemea mlango. Maji yakiingia kwa shinikizo hulegeza komeo.

Kwetu kuna tofauti moja kubwa. Maji ya Olkaria hutolewa na kurudishwa kwenye mfumo uleule wa chini, tena yakiwa pungufu, kwa kuwa sehemu ya mvuke hupotelea hewani. Shinikizo halirundikani kirahisi. Hata hivyo maji yaliyopoa yakigusa mwamba wa moto huusinyaza, nao hutoa mitetemo midogo ambayo aghalabu mitambo pekee ndiyo huisikia. Wanaosema jotoardhi haina hatari kabisa wakumbuke Pohang, Korea Kusini, 2017: huko maji yalisukumwa kwa nguvu ili kupasua mwamba mkavu, na tetemeko likafika 5.5.

Lakini tusivibebeshe visima kila mtikisiko. Tetemeko la Subukia la Januari 6, 1928, lenye kipimo cha takriban 6.9, lilitokea zaidi ya miaka hamsini kabla ya Olkaria kuanza kuzalisha umeme mwaka 1981. Bonde la Ufa linapanuka lenyewe.

Kwa hiyo mkiitwa barazani kutoa maoni kuhusu kisima kipya, ulizeni kiko umbali gani na ufa unaojulikana, na maji yatasukumwa kwa shinikizo gani. Muhimu zaidi, ulizeni mitambo ya kupima mitetemo itawekwa lini. Ikiwekwa baada ya pampu kuwashwa, hakuna atakayeweza kutenganisha mtikisiko wa kisima na ule wa Bonde lenyewe.