Wagonjwa wengi hawamaanishi wilaya mbovu

Ikitoka orodha ya wagonjwa wa kipindupindu kwa kila wilaya ya Dar es Salaam, kijiweni hukosi mtu wa kusema, "Ilala wachafu, Kigamboni wako safi." Kisa? Ilala ina idadi kubwa zaidi.

Idadi tupu haisemi hivyo. Sensa ya 2022 iliikuta Ilala na watu 1,649,912, Kigamboni 317,902, yaani Ilala ni zaidi ya mara tano. Tuseme Ilala wamepatikana wagonjwa 50 na Kigamboni 20 (namba za mfano tu, msizisambaze). Gawa kwa idadi ya wakazi: Ilala ni kama 3 kwa kila watu 100,000, Kigamboni ni kama 6. Aliyekuwa anachekwa ndiye mwenye nafuu.

Vifo ndivyo vinavyopotosha zaidi. Hospitali ya Taifa Muhimbili iko Upanga, ndani ya Ilala, na hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka kila kona ya nchi. Mama aliyeletwa mahututi kutoka mkoa mwingine akifia pale, ukihesabu kwa mahali pa kifo, Ilala inabebeshwa msiba usio wake. Ndiyo maana mimi huuliza kwanza: wamehesabu kwa hospitali au kwa makazi?

Kifua kikuu nacho kina kituko chake. Wilaya inayopima watu nyumba kwa nyumba itaibua wagonjwa wengi kuliko jirani anayesubiri waje wenyewe zahanati. Kwenye orodha, mchapakazi ndiye anayeonekana mgonjwa.