Biashara imeyumba? Kabla hujakopa tena fungua daftari kwanza

Siku hizi kila mtu anakwambia komaa. Komaa kaka, komaa dada, usikate tamaa, na ukiingia mtandaoni ndo usiseme, wahamasishaji kibao wanasimulia walivyofilisika wakafilisika tena halafu leo wana magorofa. Sisi tunaokaa kwenye dawati la ushauri wa biashara tunawaona wale ambao hawasimuliwi, watu waliokomaa kweli kweli mpaka friji ikauzwa na kiwanja kikaenda, na ukikaa nao chini mkapiga hesabu unakuta shida ilikuwepo tangu miezi ya mwanzo, ila hakuna mahali ilipoandikwa.

Swali la kwanza tunalomuuliza mtu akija ni hili: umepata ajali au unavuja? Ni vitu viwili tofauti kabisa. Soko la Kariakoo lilipoungua usiku wa Julai 10, 2021, kuna wafanyabiashara waliamka mzigo wote umeisha, hiyo ni ajali. Wateja bado walikuwepo, wauzaji wa jumla bado walikuwa wanawafahamu, biashara yenyewe haikuwa na ubaya wowote. Mtu wa namna hiyo mwambie akomae, tena mtafutie na sehemu ya kuanzia. Anayevuja ni mwingine, huyo akiongeza mtaji unaondoka tu njia ile ile.

Chukua mtu wa chipsi, maana hawa tunao kila kona. Tuseme anauza sahani 40 kwa siku kwa 2,000, inaingia 80,000. Viazi ndoo mbili 28,000, mafuta 24,000, mkaa 5,000, kijana anayemenya 8,000, kodi ya kibanda ukiigawa kwa siku 3,000. Jumla 68,000, inabaki 12,000. Si mbaya, watu wanaishi kwa hiyo. Sasa hapo hapo kwenye kopo la hela anatoa 10,000 ya kula nyumbani na 6,000 ya marejesho ya mkopo, tayari amepitiliza 4,000 na yeye hajui, kwa sababu kopo linakuwa na hela kila siku, mauzo si yapo! Kwa mwezi ni 120,000 ya mtaji imeliwa. Halafu viazi vikipanda ndoo ikafika 18,000 na sahani ikabaki 2,000 ile ile kwa kuogopa wateja watahama, ile faida ya 12,000 inashuka hadi 4,000, na mwezi unaofuata anatuambia biashara imerogwa.

Haijarogwa. Na wala huyo hahitaji kuacha chipsi, anahitaji kujilipa posho inayojulikana, kupunguza ujazo wa sahani kidogo au kuongeza bei, na kuacha kulipa deni kwa hela ya viazi. Daftari la shule la kawaida linatosha, upande huu kilichoingia, upande huu kilichotoka, na mstari wake peke yake wa hela ya nyumbani (huo mstari ndo watu wengi hawataki kuuandika, sijui kwa nini, labda kwa sababu ndo unaosema ukweli). Andika wiki 3 au 4 halafu ndo uamue.

Kwenye mikopo hapa naomba niwe mkali kidogo. Mtu akiyumba kitu cha kwanza anakimbilia kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, anachukua 300,000 anarudisha 13,000 kila siku kwa siku 30, yaani 390,000. Hiyo ni asilimia 30 kwa mwezi jamani! Kikomo cha Benki Kuu kwa wakopeshaji wenye leseni wasiopokea amana (hawatunzi akiba za watu) ni asilimia 3.5 kwa mwezi, kwa 300,000 hiyo hiyo ni 10,500. Orodha ya waliopewa leseni iko kwenye tovuti ya BoT, ifungue kabla hujaweka dole gumba popote. Kuna na ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, wanawake asilimia 4, vijana asilimia 4, watu wenye ulemavu asilimia 2, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, haina riba. Ina mlolongo wa vikundi na makaratasi, hilo sikatai, ila ukishazungushwa wiki kadhaa na ukapata bado ni nafuu kuliko kugongewa mlango saa 12 asubuhi.

Na kama hesabu inasema funga, funga. Ila funga vizuri. Wengi wanateremsha shata wanaondoka, huku TRA (mamlaka ya mapato) makadirio yao ya kodi bado yanasoma na baadaye wanashangaa deni. Nenda ofisini kwao utoe taarifa, na kama jina la biashara limesajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, nako kuna taarifa ya kusitisha. Hata kama hufungi, mauzo yakishuka katikati ya mwaka unaruhusiwa kuomba makadirio yarekebishwe, kaa na daftari lako hapo, ndo litakutetea.

Wale mnaotoka kwenye ajira kwenda kujiajiri, sana sana mliopunguzwa kazi, msiichukue hela yote ya kuachishwa mkaimwaga kwenye fremu na mzigo ndani ya wiki 2. Kama ulikuwa unachangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, miezi 18 na kuendelea na hukuacha kazi mwenyewe, kuna fao la kukosa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Hiyo miezi 6 ni muda wa kujaribu kitu kidogo kidogo bila watoto kulala njaa, mfano unauza kwanza nyumbani au kwa oda kabla ya kukodi fremu. Kama kuna ufundi umejifunzia mtaani miaka yote, umeme, upishi, ushonaji, VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi) wana utaratibu wa kukupima na kukupa cheti bila kukurudisha darasani miaka 2, na cheti hicho kinafungua tenda ambazo leo unazisikia tu.

Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10, kwa aliyefanya kazi angalau miezi 12 mfululizo. Kidai, na dai cheti cha utumishi pia. Ukiona umeachishwa kwa uonevu nenda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ndani ya siku 30, siku hizo zinahesabika tangu ulipoachishwa, sio tangu ulipomaliza kuomboleza, na ukizipitiliza itabidi kwanza uombe kukubaliwa kwa kuchelewa ukiwa na sababu za maana kabla hata shauri lenyewe halijasikilizwa.