Orodha kiolezo ni nini, na inatofautianaje na kazi inayojirudia

Orodha kiolezo ni orodha ya kazi unayoitunza bila tiki hata moja, ili uinakili kila shughuli ileile inaporudi. Fundi cherehani hashoni kiolezo chake cha karatasi: hukiweka juu ya kitambaa, hukata kwa kukifuatisha, kisha hukihifadhi. Kwenye simu ni hivyohivyo. Tiki zinawekwa kwenye nakala, si kwenye kiolezo.

Wengi huichanganya na kazi inayojirudia, ambayo ni jambo moja lenye tarehe: ukilitia tiki, programu hulisogeza hadi zamu inayofuata. Kuwasilisha PAYE, yaani kodi ambayo mwajiri hukata kwenye mishahara, ni kazi ya namna hiyo, mwisho wake ukiwa tarehe 9 ya mwezi unaofuata Kenya na tarehe 7 Tanzania. Kufunga hesabu za mwezi ni kitu kingine. Kuna kulinganisha daftari na taarifa ya benki, kuhesabu mali iliyobaki, kukusanya risiti, kuandaa mishahara, kuandaa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya tarehe 20. Hatua hizo zina mwanzo na mwisho, na zinafaa kukaa pamoja kwenye kiolezo. Ukiifanya kila hatua ijirudie peke yake, ya Machi itachelewa, ya Aprili itafika, na hutajua tena mwezi upi umefungwa.

Kwa kazi inayojirudia, amua kwanza hesabu ianzie wapi. Kodi hufuata kalenda, hata ukichelewa kulipa. Kusafisha tangi la maji kila miezi 3 kunafaa kuhesabiwa tangu siku ulipolisafisha. Todoist, programu ya orodha za kazi, hutofautisha hayo kwa alama moja tu: ukiandika "every 3 months" inafuata ratiba ya awali, ukiandika "every! 3 months" inahesabu tangu ulipoweka tiki. Ukikosea hapo, unaweza kuambiwa usafishe tangi wiki mbili baada ya kulisafisha.

Google Keep, programu ya noti, inatosha kabisa kwa kiolezo. Andika noti yenye visanduku, ipe jina linaloanza na KIOLEZO, ibandike juu. Mwezi ukiisha, gusa nukta tatu, tengeneza nakala, kisha ubadilishe jina mara moja: "Hesabu 2025-03". Mwaka ukitangulia mwezi kwa tarakimu, jina halitatatanisha. Kwenye iPhone, programu ya Vikumbusho huweza kuhifadhi orodha kama kiolezo tangu iOS 16 ya mwaka 2022. Keep pia ina amri ya kuondoa tiki zote kwa mguso mmoja. Kwa orodha ya sokoni ni nzuri sana. Kwa hesabu hatuishauri, kwa sababu inafuta ushahidi wa kilichofanyika mwezi uliopita.

Violezo huharibika hasa kwa sababu marekebisho hubaki kwenye nakala. Katikati ya Machi unagundua kwamba miamala ya wakala wa pesa za simu haimo, unaiongeza hapohapo, kazi inaisha. Aprili unanakili kiolezo cha zamani na pengo linarudi. Basi hatua ya mwisho ndani ya kiolezo chenyewe iwe: "Hamishia kwenye kiolezo ulichoongeza mwezi huu." Bila mstari huo, kiolezo huzeeka ndani ya miezi michache.

Pia usiandike tarehe kamili ndani yake. "Tuma mishahara 28 Machi" itakudanganya mwezi ujao. Andika "siku 2 kabla ya mwisho wa mwezi", na tarehe uijaze kwenye nakala. Kila mstari uanze na kitendo: "Benki" haisemi ufanye nini, "Pakua taarifa ya benki" inasema. Na mstari uliorukwa miezi mitatu mfululizo bila madhara, ufute.