Anayeuliza hajakufuru: dhana potofu kuhusu imani na maswali

Jumamosi moja nikiwa nafundisha kipaimara, binti wa miaka 12 aliyekuwa ametoka kumzika mdogo wake alinyoosha mkono. Akauliza kwa nini Mungu hakumponya mtoto, wakati nyumba nzima ilisali novena mpaka siku ya tisa. Nikamjibu, "Hilo ni fumbo, mwanangu. Kaa." Akakaa. Mwaka ule wote mkono wake haukunyooka tena.

Nilimjibu kama nilivyojibiwa mimi utotoni. Tangu hapo nimekuwa nikizichunguza dhana zilizonifanya nimnyamazishe, na nyingi sijaona mahali zinaposimama.

Dhana: Kuuliza ni dalili ya kukosa imani

Anayetaka kumfunga mwenzake mdomo humtaja Tomaso, mtume aliyesema hatasadiki kwamba Yesu amefufuka mpaka aone. Basi tuisome Yohana 20 hadi mwisho. Mitume wengine walikuwa wameshamwona Bwana; Tomaso aliomba tu kile ambacho wenzake walikwisha kukipata. Yesu hakumfukuza. Alimwambia alete kidole, aitazame mikono yake. Na ni Tomaso huyo huyo aliyetamka, "Bwana wangu na Mungu wangu!" Najua mstari unaofuata, "wa heri wale wasioona, wakasadiki." Hiyo ni baraka kwetu sisi ambao hatukuona. Sioni ndani yake laana kwa aliyeuliza.

Kisha kuna Ayubu, aliyemlalamikia Mungu sura baada ya sura. Rafiki zake walikuja na majibu waliyoyakariri: umeteseka, kwa hiyo umetenda dhambi. Ukifika 42:7 Mungu anawakasirikia wao, anasema hawakunena yaliyo sawa kama mtumishi wake Ayubu. Binti yule alikuwa upande wa Ayubu. Mimi nilikuwa nimekaa na wale marafiki.

Dhana: Dogma, yaani fundisho rasmi la Kanisa, haina historia ya mabishano

Kila Jumapili katika Nasadiki tunasimama na kukiri kwamba Kristo ana "umungu mmoja na Baba." Maneno hayo ni jibu. Arius, padri wa Aleksandria, alifundisha kwamba palikuwa na wakati ambapo Mwana hakuwepo. Maaskofu wakakutana Nisea mwaka 325, wakabishana, wakamkatalia. Ubishi uliendelea kwa miongo mingine hadi Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Konstantinopoli, mwaka 381. Anayeikariri Nasadiki bila kujua swali lililoizaa ni kama aliyepokea barua ya majibu bila kuiona barua ya kwanza.

Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alilijua hilo. Katika Summa, kitabu chake kikubwa cha teolojia, kila hoja inaanza na sauti ya mpinzani. Anapofika kwenye swali kama Mungu yupo, pingamizi la kwanza analoliandika ni lile lile la binti yule wa kipaimara: kama Mungu ni wema usio na mwisho, mbona kuna ubaya? Alilitanguliza mbele ya jibu lake mwenyewe, tena kwa nguvu zake zote.

Dhana: Kila anachosema Papa ni dogma

Hapana. Mtaguso wa kwanza wa Vatikano, mwaka 1870, uliweka masharti makali ya lini Papa hawezi kukosea. Tangu hapo njia hiyo imetumika mara moja, mwaka 1950, kutangaza kupalizwa kwa Bikira Maria mbinguni, mwili na roho.

Dhana: Uislamu haukubali maswali

Jirani yangu ni mwalimu wa madrasa, naye ndiye aliyenirekebisha hapa. Katika Qur'ani, sura ya 2 aya ya 260, Nabii Ibrahim anamwomba Mola wake amwonyeshe anavyofufua wafu. Anaulizwa kama haamini. Anasema anaamini, ila anataka moyo wake utulie. Hakukemewa, aliambiwa achukue ndege wanne. Akanisimulia pia hadithi ya mgeni mwenye nguo nyeupe pepe na nywele nyeusi tititi, aliyekuja akakaa magoti yake yakigusana na ya Mtume, akauliza Uislamu ni nini, imani ni nini, ihsani (kumwabudu Mungu kana kwamba unamwona) ni nini. Alipoondoka, Mtume akawaambia masahaba kwamba huyo alikuwa Jibrili, aliyekuja kuwafundisha dini yao. Alifundisha kwa kuuliza.

Dhana: Kundi lisilouliza ndilo salama

Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ya watoto ikiwemo. Ni watu walioaminishwa kwamba wakifunga kula hadi kufa watakutana na Yesu. Siwezi kuandika hayo nikabaki nikiuita utii wa namna hiyo imani. Watu wa Beroya walimsikia mtume Paulo mwenyewe, na bado kila siku walifungua maandiko kuhakikisha kama asemayo ndivyo yalivyo. Matendo 17:11 inawaita waungwana.

Mwaka huu, dakika 20 za mwisho za kipindi nawapitishia watoto kapu la sadaka. Kila mtoto anatia karatasi yenye swali, bila jina. Wiki ya kwanza zilikuja tatu tu. Moja iliandikwa kwa penseli, imefutwa na kuandikwa upya: "Shangazi yangu ni Mwislamu. Ataenda mbinguni?" Tulikaa nalo Jumamosi mbili, tukianzia Lumen Gentium, hati ya Mtaguso wa pili wa Vatikano kuhusu Kanisa, namba 16.